Litungu na Ngozi Yake

Somo la leo ni habari za litungu.

Tangu zamani Wakuria huchonga mti, huuwamba ngozi ya ng'ombe, kisha hufunga nyuzi nane. Hapo kale nyuzi zilikuwa za kano. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935, na baadaye ikashika mahali pa kano.

Gitaa huvuma kwa ubao. Litungu huvuma kwa ngozi. Ubao huzeeka polepole, ukakauka na kuwa mwepesi. Ngozi hubadilika upesi. Wakati wa mvua hulegea, sauti ikawa nzito. Juani hukaza, sauti ikapanda. Mwisho hupasuka.

Je, litungu la babu likipasuka, utalitia motoni? La! Ngozi nyingine utaipata. Mti aliouchonga babu hutaupata tena. Wamba ngozi mpya, nalo litalia.