Mbalancha, si “Alfajiri ya Kaskazini”

Orodha ya istilahi iliyonifikia hapa Ujiji inaiita aurora, ule mng'ao wa angani kwenye ncha za sayari, “alfajiri ya kaskazini”. Wanakamati walioipitisha siwataji, wanajijua, na pendekezo langu walilitupa bila hata salamu.

Tuanze na asili, maana ndiko walikoteleza. Aurora alikuwa mungu wa kike wa mapambazuko kwa Warumi. Alfajiri tumeipata kwa Waarabu, kwenye mzizi wa kupasuka: giza hupasuka, nuru ikatoka. Kwetu ni saa, ina adhana yake na sala yake. Sasa aurora ya sayari ya Mshtarii ina saa gani, nayo haikomi usiku wala mchana? Tena iko kwenye ncha zote mbili. Wapo pia wanaotaka “mwako wa ncha”. Kinaungua nini huko? Elektroni zinagonga haidrojeni, basi.

Kiswahili kina mbalamwezi. Ndani yake umeganda mzizi wa kale wa Kibantu wenye maana ya kung'aa, ambao peke yake tumeusahau. Mvuvi wa Kibirizi hahitaji kamusi kuelezwa: mbalamwezi ikitanda, karabai haivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukoni. Ondoa mwezi, weka ncha: mbalancha. Silabi tatu! Nikaambiwa eti “haijazoeleka”. Na urujuanimno ilizoeleka lini?

Mbalancha ya Mshtarii, kwa taarifa ya wanakamati, haikugunduliwa kwa macho. Chombo cha Voyager 1 kiliinasa mwaka 1979 kwa urujuanimno, mwanga ambao angahewa yetu huuzuia. Ndiyo maana leo kazi hiyo ni ya darubini ya Hubble iliyo angani. Infraredi hufika hadi vilele vya Hawaii, na kutoka huko ioni ya atomi tatu za haidrojeni ilitambuliwa, ikatangazwa mwaka 1989. Katika mawimbi hayo methani ya Mshtarii humeza mwanga wa jua, sayari ikawa nyeusi, ncha zikajitokeza kama karabai ziwani usiku wa giza. Tarehe 25 Desemba 2023 darubini za Webb na Hubble ziliitazama kwa pamoja: palipong'aa mno kwa Webb, Hubble haikuona cha kulingana nacho.

Matumizi: ngeli kama ya mbalamwezi, wingi haubadiliki. Walimu wa fizikia, iandikeni ubaoni kabla orodha ile haijaingia vitabuni.