Kinyago cha Nani? Maneno Yanayoingia Kwenye Orodha ya Mchongaji

Miaka kadhaa iliyopita niliandika maelezo ya picha gazetini, maneno matano tu: "Kinyago cha ujamaa, mchongaji hajulikani." Picha ilikuwa ya nguzo ya mpingo yenye watu waliopandiana mabegani, mmoja ameshika kifundo cha mwenzake, mwingine kabeba beseni, wote wanapanda kwenda juu. Gazeti likatoka, likafungiwa maandazi, nikasahau. Siku chache baadaye mzee mmoja akapiga simu chumba cha habari akaomba aongee na aliyeandika yale maneno. Hakugomba. Aliuliza swali moja: "Mwanangu, ulikipindua?"

Sikukipindua. Kumbe chini kwenye kitako jina lilikuwepo, limechorwa kwa ncha ya kisu, herufi zimeinama kidogo lakini zinasomeka. Hajulikani na nani, basi? Na mimi, ambaye sikujisumbua kuinama.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusoma katalogi za uchongaji kama wengine wanavyosoma riwaya za upelelezi. Zina mistari mifupi: jina la kazi, mwaka, mti, kimo, mchongaji. Lakini kila neno pale lilichaguliwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo si yule aliyeshika tezo.

Tuanze na neno lenyewe, kinyago. Pale katikati ya Dar es Salaam, tangu mwaka 1927, amesimama askari wa shaba aliyetengenezwa na Mwingereza James Alexander Stevenson. Yule tunamwita sanamu. Sanamu ya Askari. Sijawahi kumsikia konda wala profesa akisema "kinyago cha Askari". Lakini toka pale, panda gari hadi Mwenge, na umbo la mtu lililochongwa kwenye mpingo, hata likiwa na misuli na mishipa ya shingo kuliko yule askari, linageuka kinyago. Neno hilo limebeba ngoma za unyago na jando, barakoa na vitisho vya usiku, na pia dharau: kumfanya mtu kinyago ni kumfanya kichekesho. Kwa hiyo kabla mwandishi wa katalogi hajafika kwenye kimo na mwaka, ameshaamua kazi inakaa kwenye kiti gani. Binafsi neno kinyago nalipenda na nitaendelea kulitumia. Ninachokataa ni kuligawa kwa kuangalia malighafi au asili ya fundi: shaba ya mgeni ni sanamu, mpingo wa Mmakonde ni kinyago.

Sasa nije kwenye ujamaa, maana hapo ndipo nilipoteleza.

Wachongaji wengi wa Kimakonde waliokuja kufanya kazi Tanganyika walitoka ng'ambo ya Ruvuma, kwenye nyanda za juu za Mueda huko Msumbiji. Wengine walifuata kazi kwenye mashamba ya mkonge, wengine walikimbia utawala wa Wareno, na baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964, wakazidi. Miongoni mwao alikuwa Roberto Yakobo Sangwani. Yeye ndiye anayetajwa kuwa aliianzisha ile nguzo ya watu, na jina la mwanzo la mtindo huo ni la Kimakonde: dimoongo, yaani nguvu. Umbo lenyewe lilimwonyesha bingwa wa mieleka ameinuliwa juu na wenzake baada ya kushinda.

Hebu rudi kwenye picha hiyo kichwani. Kuna mshindi, na kuna waliombeba. Yupo mmoja juu.

Kisha ikaja siasa. Mwaka 1962 Nyerere akatoa kijitabu chake cha Ujamaa, na tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likaifanya ujamaa kuwa njia ya nchi. Nguzo ile ya watu walioshikana ilikuwa kama imeagizwa kwa ajili ya neno hilo. Jina likahama. Dimoongo ikawa ujamaa, na katika kuhama huko maana nayo ikasogea: aliye juu akawa mzee wa ukoo, au babu, au mama aliyezaa wote, waliombeba wakawa wanawe na wajukuu, mieleka ikafutika. Baadaye watalii nao wakaleta jina lao, mti wa uzima, ambalo ndilo utakalolisikia zaidi leo ukisimama kwenye kibanda ukiwa na kamera shingoni.

Hapo ndipo kazi ya katalogi inapokuwa ngumu. Ukikutana na nguzo iliyochongwa kabla ya 1962, ukaiandikia "Ujamaa", umempa mchongaji neno la siasa ambalo nchi yenyewe ilikuwa bado haijalishika. Lakini ukikimbilia upande wa pili, ukasema jina halali ni dimoongo pekee na ujamaa ni uchafu wa wafanyabiashara na wanasiasa, unawakosea wachongaji pia. Wengi walilichukua neno ujamaa wakalifanya lao, wakachonga wakiwa nalo akilini, wakaingiza koo zao na majirani zao humo. Kazi iliyochongwa mwaka 1975 na fundi aliyeiita ujamaa ni ujamaa, hakuna mjadala. Nionavyo, orodha ya kazi za mchongaji inahitaji nafasi mbili, si moja: kazi iliitwaje ilipotoka mikononi, na ilikuja kuitwaje.

Shetani nayo ina kisa chake. Samaki Likankoa ndiye anayepewa sifa ya kuanzisha mtindo huo mwishoni mwa miaka ya 1950. Simulizi inayozunguka ni kwamba alikuwa anachonga umbo la binadamu wa kawaida, kiungo kikavunjika, na badala ya kutupa gogo akaligeuza kuwa nnandenga, kiumbe wa porini katika masimulizi ya Kimakonde. Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago hapa Dar es Salaam ambaye duka lake lililisha wachongaji wengi, akakipenda kitu kile na kutaka vingine. Nnandenga ni jina la kiumbe mmoja mwenye tabia zake. Shetani ni neno la Kiswahili lililotoka Kiarabu, na kwa msikilizaji Mwislamu au Mkristo ni adui wa Mungu, basi. Likatumika kama gunia: kila umbo lenye jicho moja, ulimi mrefu au miguu iliyopinda likatumbukizwa humo. Wapo viumbe wa kuchekesha, wapo walaghai, wapo wasio na ubaya wowote. Wote mashetani.

Msidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Auguste Rodin, Mfaransa aliyefariki mwaka 1917, ana makumbusho na wataalamu wa kutosha, na bado majina ya kazi zake yanahamahama. Yule mtu maarufu aliyeketi kidevu mkononi, Mwenye Kufikiri, alianza kama mshairi Dante, juu ya mlango mkubwa ambao serikali iliagiza mwaka 1880. Busu lilianza kama Paolo na Francesca, wapenzi waliomo katika shairi la huyo huyo Dante. Wakosoaji ndio walioliita Busu. Na kazi yake iliyooneshwa mwaka 1877 kwa jina Zama za Shaba ilikuwa kwanza imeitwa Aliyeshindwa. Tofauti ni kwamba kwa Rodin kila jina lililoachwa limeandikwa mahali. Kwa Samaki na Roberto tunategemea kumbukumbu za watu ambao wengi wao wameshatangulia.

Neno "asili" nalo limewatoa Wafaransa jasho. Ule Mlango wa Jehanamu haukuwahi kumiminwa kwa shaba Rodin akiwa hai. Mwaka 1916 aliikabidhi serikali kazi zake pamoja na haki ya kuzitoa upya, na shaba zikaja baada ya kifo chake. Je, hizo ni asili au nakala? Taratibu za Ufaransa zikajibu kwa hesabu: shaba 12 kwa kila kazi zinaweza kuitwa asili, 8 zenye namba za kawaida na 4 zenye namba za Kirumi, ya 13 ni nakala. Ukweli ni kwamba huo ni uamuzi wa sheria, si wa jicho. Mpingo haumiminwi, kila kinyago kinachongwa upya, kwa hiyo ungedhani sisi tumepona. Hatujapona. Sisi tuna kiwi ya viatu. Katalogi inaandika "mpingo" na chini ya rangi kuna mti mweupe mwepesi, na njia ya kuujua ni kuunyanyua na kuhisi uzito. Picha haina uzito.

Lakini neno linalonisumbua kuliko yote ni dogo kabisa, nalo ni lile "cha" kwenye kichwa cha habari cha makala hii. Kinyago cha Lilanga. Kwa Kiswahili hiyo inaweza kuwa aliyekichonga, anayekimiliki, hata anayeonekana ndani yake. Kwenye mazungumzo haina shida. Kwenye orodha ya kazi za George Lilanga ni balaa.

Lilanga alizaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1934 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2005. Miaka ya 1970 alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, akachonga, akachora, na watu wake wenye masikio makubwa na rangi kali wakazunguka dunia. Miaka ya mwisho kisukari kilimpokonya miguu, na vijana waliokuwa karibu naye wakawa wanasaidia kazi ambazo zilitoka kwa jina lake. Hilo si kashfa; Rodin naye alikuwa na mafundi wa kumchongea marumaru, na hakuna aliyemnyang'anya Busu. Ila soko linataka kujua, na pesa inafuata neno. "Kilichochongwa na Lilanga" ni bei moja. "Kutoka karakana ya Lilanga" ni nyingine. "Kwa mtindo wa Lilanga" ni kitu unachoweza kununua barabarani. Zote tatu, ukizungumza kivivu, ni kinyago cha Lilanga. Na wale vijana wa karakana, ambao wengine mikono yao inaonekana wazi ukiwa na jicho, katika neno "cha" hawamo.

Yule mzee wa simu nilimfuata baadaye. Nilikwenda na gazeti langu limekunjwa mfukoni kama kijana aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nikamuuliza ile nguzo yeye anaiitaje, ujamaa au dimoongo. Akaniangalia, akasema wakati wa kuchonga hakuwa akiiita kitu, alikuwa anahesabu watu. Walikuwa kumi na saba. Mimi kwenye picha nilikuwa nimewahesabu kumi na wanne.

"Watatu wapo upande wa nyuma," akasema. "Wewe ulipiga picha ya mbele."

Nilimwomba ruhusa nichapishe masahihisho yenye jina lake. Alikataa, alisema gazeti limeshafungiwa maandazi. Niliandika tu kwenye daftari: nguzo ya mpingo, watu kumi na saba, jina chini ya kitako.