Aliyemwondolea mgonjwa jina la mgonjwa

Ukiingia chumba cha ushauri nasaha kupima virusi vya UKIMWI, iwe Dar es Salaam au Nairobi, mshauri hakuiti mgonjwa. Anakuita mteja. Wengi hudhani ni lugha ya dukani iliyohamia hospitalini. La hasha. Aliyelieneza neno hilo katika fani ya ushauri ni mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers.

Alizaliwa mwaka 1902 Oak Park, karibu na Chicago, katika familia ya Kiprotestanti ambamo karata, dansi na pombe vilikuwa mwiko. Chuoni alianza na kilimo, akahamia theolojia, akaishia kwenye saikolojia.

Lakini somo lililombadilisha alilipata kazini. Kwa miaka 12 alihudumia watoto wenye matatizo mjini Rochester, New York. Kati ya waliomjia alikuwepo mama mmoja ambaye mwanawe alishindikana. Rogers alikuwa na jibu lake tayari: mama huyu alimkataa mtoto tangu akiwa mdogo. Akajaribu kumwonyesha hilo taratibu, kikao baada ya kikao. Wapi! Mwishowe akakiri kwamba wamegonga mwamba, wakapeana mikono. Mama alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama pale huwa wanapokea na watu wazima. Akajibiwa ndiyo. Akarudi kwenye kiti alichotoka kukiacha, akaanza kumwaga yaliyomjaa moyoni: ndoa yenye misukosuko, mume wasiyeelewana naye. Hayo hayakuwemo kwenye maelezo aliyoyatoa mwanzo. Safari hii Rogers alisikiliza tu. Hatimaye mama alipata nafuu, na mtoto pia.

Tangu hapo akashikilia kwamba anayejua panapouma ni mwenye maumivu. Kazi ya mshauri ni kumsikiliza bila kumhukumu, kumwelewa kwa dhati na kutojifanya. Ndiyo maana hakulipenda neno mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa hungoja kuandikiwa dawa. Wazo hilo alilifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1951, na pamoja na mwanasaikolojia mwenzake Abraham Maslow akawa nguzo ya saikolojia ya kiutu, tawi linaloamini uwezo wa mtu kujiendeleza.

Wapo waliomcheka, wakisema huko ni kurudia tu maneno ya mteja kama kasuku. Kejeli hiyo haimtendei haki. Ni yeye aliyeiacha kazi yake ichunguzwe: alirekodi vikao kwenye santuri, na kitabu chake cha mwaka 1942 kikachapisha matibabu ya mtu mmoja neno kwa neno, tangu kikao cha kwanza hadi cha mwisho. Kabla yake, ya chumbani yalibaki chumbani, na wanafunzi walimeza hadithi za walimu wao.

Mwaka 1982, akiwa na miaka 80, alikwenda Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi kuwakalisha Weusi na Wazungu wasikilizane. Alifariki Februari 4, 1987, siku chache baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga.

Basi ukikaa mbele ya mshauri akaanza kukuhubiria kabla hujamaliza kueleza shida yako, huyo anakuita mteja kwa mdomo tu.