Barua ya Tawi

Baba yangu ana bahasha ya kaki anayoitunza pamoja na hati ya kiwanja. Ndani yake mna barua mbili za mwaka 1977: moja ya mwajiri wake, kinu cha kuchambua pamba huku Usukumani, na nyingine ya tawi la chama. Bila hizo asingekanyaga Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mambo yalianzia Musoma, saa chache kwa basi kutoka hapa Mwanza. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa pale ikatoa Azimio la Musoma. Hali ilikuwa ngumu: mvua zimegoma, bei ya mafuta imepanda karibu mara nne, serikali inanunua mahindi nje. Wengi tunalikumbuka azimio lile kwa elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Kipengele kingine tumekisahau. Kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu, basi! Kwanza JKT, halafu kazi angalau miaka miwili, halafu mwajiri na chama waandike kwamba unafaa. Baba azimio lilimkuta JKT, mizigo ya chuo ameshaifunga kichwani. (Wasichana walipungua mno chuoni, hadi wakaruhusiwa tena kuingia moja kwa moja.)

Marekani nayo, uchumi ulipoanguka miaka ya 1930, iliunganisha kazi na chuo, ila kwa njia nyingine. Mwaka 1935 serikali ya Roosevelt ilianzisha mpango wa kuwalipa wanafunzi dola chache kwa mwezi kwa vibarua vya hapo hapo chuoni, wasiache masomo. Kule hakuna aliyehitaji barua ya chama.

Kwa nini sisi tulihitaji? Nyerere hakuwa amesahau 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kuikataa JKT ya lazima. Aliwafukuza karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20. Msomi aliyeonja kazi, iliaminika, angeacha ubwana.

Sasa tazama kilichotokea. Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya wabunge na mawaziri. Zaidi ya 300 walifukuzwa. Hadithi hii husimuliwa kama utundu wa vijana, na mimi sikubaliani. Wengi wao walikuwa zao la Musoma lenyewe, watu wazima walioshika mshahara mkononi. Mtu aliyekaa miaka miwili kwenye mizani ya pamba anajua mkulima anaondoka na shilingi ngapi. Umwambie nini kuhusu marupurupu ya waziri?

Baba alikuwa mwaka wa kwanza. Hakuandamana. Mwenzake wa chumbani, mtu wa Bukoba, alikwenda, na baada ya siku chache kitanda chake kilikuwa kitupu.

Mwaka jana nilimuuliza, "Baba, kwani wewe ulibaki kwa nini?" Alikaa kimya kitambo. Kisha akafungua bahasha, akaniwekea kidole kwenye neno moja la barua ya tawi: *mtiifu*. Chini yake kuna sahihi ya jirani yetu wa zamani, aliyewahi kumkopesha babu jembe la kukokotwa na ng'ombe.

"Irudishe taratibu," akasema. "Karatasi imechoka hiyo."