Yuri (fasihi)

Yuri (kwa Kijapani: 百合) ni aina ya fasihi na sanaa ya Japani inayosimulia mapenzi au uhusiano wa karibu wa moyo kati ya wanawake. Inapatikana hasa katika manga (hadithi za picha za Kijapani) na riwaya, lakini pia katika filamu za katuni (anime), tamthilia za televisheni na michezo ya kompyuta. Kwa jina lingine inaitwa pia GL, ambacho ni kifupisho cha maneno yenye maana ya "mapenzi ya wasichana".

Maana ya yuri ni pana. Baadhi ya hadithi zinahusu urafiki wa wasichana wa shule ambao hata neno "mapenzi" halitamkwi. Nyingine zinaonyesha wanawake watu wazima wanaoishi pamoja kama wenzi wa maisha. Nyingine tena ni za kimahaba waziwazi na zimeandikwa kwa watu wazima tu. Kwa hiyo si sahihi kuiona aina hii yote kuwa ponografia, wala kuiona yote kuwa hadithi za watoto.

Asili ya jina

Neno "yuri" ni jina la kawaida la ua la jamii ya nyinyoro. Katika utamaduni wa Japani ua hilo limehusishwa kwa muda mrefu na uzuri na usafi wa wanawake.

Matumizi yake kwa wanawake wanaopenda wanawake yanahesabiwa kuanzia mwaka 1976. Mwaka huo Bungaku Itō, mhariri wa Barazoku, gazeti la wanaume wanaopenda wanaume, alifungua ukurasa wa barua za wasomaji wa kike akauita "chumba cha yurizoku", yaani chumba cha kabila la nyinyoro. Alifuata mfano wa jina la gazeti lake, kwa kuwa "barazoku" maana yake ni kabila la waridi. Baadaye sehemu "zoku" iliachwa, likabaki neno "yuri" peke yake. Hadithi zenyewe lakini zilikuwepo miaka mingi kabla ya jina hilo.

Chanzo: shule za wasichana

Mwaka 1899 serikali ya Japani ilitoa amri kuhusu shule za juu za wasichana, na kila mkoa ukatakiwa kuwa na shule ya namna hiyo. Kwa mara ya kwanza wasichana wengi wa tabaka la kati walikaa pamoja kwa miaka kadhaa, mbali na wavulana, kati ya utoto na ndoa. Mara nyingi ndoa hiyo ilipangwa na wazazi.

Wasichana hao walijua kusoma, na wachapishaji wakaanzisha magazeti kwa ajili yao. Kati yake yalikuwemo Shōjo Sekai (1906), Shōjo no Tomo (1908) na Shōjo Gahō (1912). Humo zilichapwa hadithi za uhusiano uliokuwa kweli katika shule nyingi: mwanafunzi wa darasa la juu na mwenzake wa darasa la chini walichaguana, wakaandikiana barua, wakapeana zawadi na kuitana dada. Uhusiano huo uliitwa "S", herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya dada.

Wazazi na walimu wengi waliuvumilia kwa sharti lisiloandikwa: uishe pamoja na shule. Binti aliyehitimu alitarajiwa kuolewa na kuwasahau wenzake, au kuwakumbuka kwa mbali tu. Sharti hilo liliacha alama katika hadithi zenyewe, ambazo nyingi zilimalizika kwa kuagana, ugonjwa au kifo.

Nobuko Yoshiya

Mwandishi mkuu wa kipindi hicho ni Nobuko Yoshiya (1896–1973), aliyezaliwa Niigata. Kuanzia mwaka 1916 alichapisha Hana Monogatari (Hadithi za Maua), mfululizo wa hadithi fupi zaidi ya 50, kila moja ikiwa na jina la ua. Wasichana wa nchi nzima walizisoma, na mtindo wake wenye picha nyingi za hisia uliigwa na waandishi waliomfuata.

Katika riwaya yake Yaneura no Nishojo (Mabinti Wawili wa Darini), iliyotolewa mwaka 1920, wasichana wawili wanakaa katika chumba cha dari cha bweni. Wanapolazimika kuondoka hawaagani, bali wanaamua kuendelea kuishi pamoja. Mwisho wa namna hii ulikuwa wa nadra sana kwa wakati ule, na wahakiki wengi wanaichukulia riwaya hiyo kuwa mzizi wa yuri.

Yoshiya mwenyewe hakuolewa. Mwaka 1923 alikutana na Chiyo Monma, mwalimu wa hisabati, wakawa pamoja hadi kifo cha Yoshiya, yaani miaka 50. Kwa kuwa sheria ya Japani haikuruhusu wanawake wawili kuoana, mwaka 1957 Yoshiya alimfanya Monma kuwa binti yake wa kuasili. Ndiyo njia pekee iliyokuwepo ya kuwafanya watu wa familia moja mbele ya sheria, pamoja na haki ya urithi. Nyumba yao katika mji wa Kamakura sasa ni makumbusho.

Waandishi wengine maarufu waliigusa mada hii pia. Jun'ichirō Tanizaki aliandika riwaya Manji (1928–1930) kuhusu mke wa mtu anayempenda mwanamke kijana. Yasunari Kawabata, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi (1968), alitoa Otome no Minato (Bandari ya Mabinti) katika gazeti Shōjo no Tomo miaka 1937–1938. Inajulikana leo kwamba sehemu kubwa ya rasimu yake iliandikwa na mwanafunzi wake wa kike, Tsuneko Nakazato.

Wakati wa vita serikali iliyabana magazeti ya wasichana. Baada ya mwaka 1945 shule nyingi zilichanganya wavulana na wasichana, na mapenzi kati yao yakawa mada halali ya hadithi za vijana. Fasihi ya "S" ikafifia.

Manga za miaka ya 1970

Mada hii ilirudi kwa njia ya manga. Shiroi Heya no Futari (Wawili wa Chumba Cheupe) ya Ryōko Yamagishi, iliyotolewa mwaka 1971, kwa kawaida inatajwa kuwa manga ya kwanza ya yuri. Resine, msichana mpole, anafika katika shule ya bweni nchini Ufaransa na kupangiwa chumba kimoja na Simone, msichana mkaidi. Wanapendana, uvumi unaenea, Resine anaogopa na kuondoka, na Simone anakufa.

Mtindo huo ulirudiwa mara nyingi. Mhakiki Yukari Fujimoto alionyesha kwamba hadithi za wakati huo zilikuwa na jozi ileile: mmoja mrefu, mwenye nywele nyeusi na moyo mgumu, mwingine mdogo, mwororo na mwenye nywele nyepesi. Alizilinganisha jozi hizo na waridi jekundu na pipi. Mara nyingi aliye kama waridi ndiye aliyekufa au kuachwa.

Riyoko Ikeda, mwandishi wa manga mashuhuri kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa, naye aliandika Oniisama e... (Kwa Kaka...) mwaka 1974 kuhusu chama cha siri katika shule ya wasichana, na Claudine (1978) kuhusu mtu aliyezaliwa msichana lakini anayejiona kuwa mwanamume.

Miaka ya 1990

Mabadiliko makubwa yalikuja na Sailor Moon ya Naoko Takeuchi (manga 1991–1997). Kati ya wapiganaji wake wamo Haruka na Michiru, wapenzi wasiojificha, hodari na wanaoheshimiwa na wenzao, na kisa chao hakiishi kwa msiba. Watoto wengi wa Japani waliwaona wanawake wa namna hiyo kwa mara ya kwanza katika televisheni. Katika tafsiri ya kwanza ya Kiingereza kwa Amerika Kaskazini wawili hao waligeuzwa kuwa mabinamu, jambo ambalo bado linatolewa kama mfano wa udhibiti katika tafsiri.

Mwaka 1997 ilifuata anime Shōjo Kakumei Utena ya Kunihiko Ikuhara, kuhusu msichana anayetaka kuwa mwana wa mfalme badala ya kumsubiri.

Wakati huohuo wanawake wanaopenda wanawake walianza kuwa na magazeti yao wenyewe, kama Phryné (1995) na Anise (1996). Humo Rica Takashima alichora maisha ya kila siku ya Tokyo kwa ucheshi, bila msiba.

Mwaka 1998 Oyuki Konno alianza mfululizo wa riwaya Maria-sama ga Miteru (Bikira Maria Anatutazama), ulioendelea hadi 2012. Unasimulia shule ya Kikatoliki ya wasichana ambako mwanafunzi wa darasa la juu humpa mdogo wake rozari na kuwa dada yake. Hivyo Konno aliufufua uhusiano wa "S", na mafanikio yake yalionyesha wachapishaji kwamba wasomaji wapo.

Majarida maalumu

Jarida la kwanza la manga za yuri peke yake, Yuri Shimai, lilitoka mwaka 2003 likafungwa mwaka uliofuata. Mwaka 2005 kampuni ya Ichijinsha ilianzisha Comic Yuri Hime, ambalo wengi wa waandishi wa Yuri Shimai walihamia. Ndilo linaloendelea hadi leo. Jarida lake dada, Yuri Hime S, lililolenga wanaume, lilidumu kutoka 2007 hadi 2010, kisha likaunganishwa na jarida mama. Majarida mengine, kama Tsubomi (2009–2012) na Hirari (2010–2014), hayakudumu.

Mbali na majarida ya kampuni kuna dōjinshi, yaani vitabu ambavyo wachoraji wanajichapishia na kuuza wenyewe katika maonyesho. Wengi walianzia huko kabla ya kuajiriwa.

Mada mpya katika karne ya 21

Hadithi za shule hazijaisha, lakini zimebadilika. Katika Aoi Hana (Maua ya Buluu, 2004–2013) ya Takako Shimura, mhusika mkuu anamwambia rafiki yake waziwazi kwamba anawapenda wasichana. Yagate Kimi ni Naru ya Nio Nakatani (2015–2019) inamfuata msichana asiyeelewa kwa nini wenzake wanapenda na yeye haguswi. Mwishoni wapenzi wanaonekana wakiwa wamemaliza shule na bado wako pamoja. Sharti la zamani la kuagana siku ya kuhitimu limevunjwa.

Pamoja na hayo zimeongezeka hadithi za wanawake wafanyakazi. Tsukuritai Onna to Tabetai Onna ya Sakaomi Yuzaki inahusu majirani wawili, mmoja anayependa kupika na mwingine anayependa kula. Shirika la utangazaji NHK liliifanya tamthilia ya televisheni mwaka 2022, na sehemu ya pili ikafuata mwaka 2024. Katika riwaya, Iori Miyazawa ameunganisha yuri na bunilizi ya kisayansi katika mfululizo Urasekai Pikunikku, ulioanza mwaka 2017.

Kazi ya pekee ni tawasifu ya Kabi Nagata iliyotoka mwaka 2016. Mwandishi anaeleza upweke wake, sonona na matatizo ya kula, na jinsi alivyomlipa mwanamke ili tu akumbatiwe. Tafsiri yake ya Kiingereza ilipata tuzo ya Harvey mwaka 2018.

Wasomaji

Wengi hudhani kwamba yuri inasomwa na wanaume tu, au na wanawake wanaopenda wanawake tu. Uchunguzi wa Verena Maser, mtafiti wa Kijerumani aliyewasilisha tasnifu yake mwaka 2013, ulionyesha kwamba kati ya wasomaji wa Kijapani waliojibu maswali yake wanawake walizidi nusu kidogo tu. Waandishi pia ni wa jinsia zote mbili, ingawa wanawake ndio waliojenga misingi ya aina hii.

Mjadala

Lawama ya kwanza dhidi ya yuri ni kwamba inaonyesha mapenzi ya wanawake kama jambo la kupita, lisilo na nafasi nje ya ukuta wa shule. Lawama ya pili ni kwamba wahusika mara chache hujitambulisha kwa jina lolote, na matatizo ya kweli ya familia, kazi na sheria hayaonekani. Wanaoitetea hujibu kwamba upana huo ndio unaowapa wasomaji nafasi ya kujiona humo bila kulazimishwa kujiita hivi au vile.

Jambo hili si la nadharia tu. Mwaka 2015 mtaa wa Shibuya mjini Tokyo ulianza kutoa vyeti kwa wenzi wa jinsia moja, na maeneo mengine mengi yakafuata, lakini vyeti hivyo havina nguvu ya ndoa. Machi 2021 mahakama ya wilaya ya Sapporo iliamua kwamba kuwanyima wenzi hao manufaa ya ndoa kunapingana na katiba, na Machi 2024 mahakama ya juu ya rufaa ya mji huo iliamua vivyo hivyo. Hata hivyo maamuzi hayo hayakubadilisha sheria yenyewe. Kwa hiyo hadithi inayowaacha wanawake wawili wakizeeka pamoja bado inagusa swali lilelile ambalo Yoshiya na Monma walilitatua kwa kuasiliana.

Nje ya Japani

Huko Marekani Erica Friedman alianzisha Yuricon mwaka 2000 na baadaye kampuni ndogo ya uchapishaji, ALC, iliyotoa manga za yuri kwa Kiingereza. Kampuni ya Seven Seas ilianza kuzichapisha mwaka 2006. Leo tafsiri zinapatikana kwa lugha mbalimbali, zikiwemo Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kichina. Hadithi za namna hii zinaandikwa pia Korea Kusini, China na Uthai. Nchini China zinaitwa baihe, ambayo ni matamshi ya Kichina ya herufi zilezile za neno "yuri".