Ng'ambo na Wachoraji Wake

Neno "ng'ambo" halisimami peke yake. Anayelitamka huwa tayari amesimama upande mmoja wa maji na kuunyooshea kidole upande wa pili. Hakuna mtu aliye ng'ambo ya nafsi yake. Hata hivyo, katika mji wa Unguja neno hilo limekuwa jina la mahali. Watu wamezaliwa humo kizazi baada ya kizazi, wakaoa na kuolewa, wakazikwa, na kila walipoulizwa kwao wapi walijibu bila ya kusita kwamba wao ni watu wa Ng'ambo. Jina walilopewa na waliosimama upande wa Mji Mkongwe walilipokea na kulifanya lao. Lakini wale waliokuja kuichorea Ng'ambo ramani, mmoja baada ya mwengine kwa muda wa karibu karne nzima, waliendelea kulitumia neno lile kwa maana yake ya asili: waliiangalia kutoka upande wa pili.

Maji yenyewe hayapo tena. Zamani mkono wa bahari uliingia nyuma ya Mji Mkongwe, na maji yakijaa mji ule ukawa kama kisiwa ndani ya kisiwa. Pale palipovukwa ndipo palipobakia na jina la Darajani. Katika karne ya 20 mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo, na juu yake ikapita barabara ambayo leo inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa. Mtu huivuka kwa hatua chache tu akielekea sokoni. Ila mpaka ulioondoka chini ya miguu haukuondoka katika fikra za wenye kupanga.

Upande wa mashariki wa maji hayo walikaa watu wa kila asili. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kufuta hadhi ya utumwa, wengi waliokuwa mashambani walikuja mjini kutafuta riziki, wakajenga huko pamoja na Wangazija, Washihiri, Wanyamwezi, Wamanyema na Wahindi wa hali ya chini. Mitaa yao waliipa majina ya miti na visima: Miembeni, Michenzani, Mwembetanga, Mwembeladu, Kisima Majongoo. Anayeyasoma majina hayo leo husoma bustani iliyokwisha katwa. Michenzani hakuna michenza, lakini jina linashuhudia kwamba ilikuwepo.

Nyumba ya Ng'ambo ilikuwa na mpango wake, ingawa haikuchorwa kwenye karatasi. Ilisimamishwa kwa miti na kufungwa fito, ikajazwa udongo na mawe madogo, kisha ikapakwa chokaa aliyejaaliwa. Juu ikaezekwa makuti, na baadaye mabati. Mbele ilikuwa na baraza. Ukiingia unakutana na ukumbi mrefu uliogawa vyumba kulia na kushoto, na mwisho wake ni uani, penye jiko na choo, na pengine kisima. Baraza ilikuwa ya wapita njia na wanaume wenye mazungumzo. Uani kulikuwa kwa wanawake, watoto na moshi. Katikati ya viwili hivyo mgeni aliweza kupokelewa kwa kiasi cha udugu wake: wa mbali akaishia barazani, wa karibu akafika ukumbini, na aliye damu moja akapita mpaka uani. Fundi hakuhitaji kuandika sheria hizo, kwa kuwa zilikuwa katika adabu ya watu kabla ya kuwa katika kuta.

Nyumba ilikuwa ya mwenyewe, ila ardhi chini yake mara nyingi ilikuwa ya mwengine, au ilikuwa wakfu. Mwenye nyumba alilipa kodi ya kiwanja, na kodi ilipopanda hakuwa na pa kuihamishia nyumba yake. Mwaka 1928 wakaazi wengi wa Ng'ambo waligoma kuilipa, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia kati. Mgomo ule ulikuwa ni kauli ya mwanzo ya wakaazi juu ya nani ana haki katika mji, nao waliitoa wenyewe, bila ya msanifu wala mshauri.

Wapenzi wa ushairi wanajua jinsi mwambao ulivyoyalilia majumba ya mawe. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyafanya magofu ya Pate kuwa mawaidha ya dunia nzima. Nyumba ya udongo haikupata bahati hiyo, kwani ikianguka haiachi gofu la kumliza mshairi. Hurudi kuwa udongo. Hata hivyo Ng'ambo haikukosa sauti. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliishi huko alipohamia mjini, na katika nyumba za namna hiyo taarabu ya Kiswahili ilipata masikio yake ya mwanzo. Sauti ilihifadhiwa katika sahani za santuri; kuta zilizoisikia hazikuhifadhiwa.

Mchoraji wa kwanza mwenye jina kubwa alikuwa Henry Vaughan Lanchester, msanifu wa Kiingereza aliyekwisha kupata sifa kwa jengo la Baraza la Mji wa Cardiff, na ambaye baadaye alichora kasri la Umaid Bhawan huko Jodhpur, Bara Hindi. Mpango wake wa mji wa Unguja ulichapishwa mwaka 1923. Ulikuwa kazi ya mtu msomi, lakini sehemu yake kubwa ilibakia makabatini, kwa kuwa ukoloni ulipenda kupanga zaidi kuliko ulivyopenda kugharimia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ukaja mpango wa maendeleo wa miaka kumi, ulioanza mwaka 1946 chini ya Katibu Mkuu wa serikali ya kikoloni, Eric Dutton. Aliyeipa sura ya majengo nia ya Dutton alikuwa msanifu Ajit Singh. Huyu ndiye aliyechora jumba la Raha Leo, lenye ukumbi wa mikutano na kituo cha redio, katikati ya Ng'ambo. Jina lenyewe lilieleza matarajio ya waliolijenga: watu wapate raha leo, wasiulizie sana ya kesho. Lakini jengo likishasimama huacha kumtii aliyelitaka. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 yalipotokea Mapinduzi, Raha Leo ikawa makao ya wanamapinduzi, na redio iliyowekwa ili kuwatuliza watu wa Ng'ambo ndiyo iliyoutangazia ulimwengu kwamba dola imeanguka. Mpango mwengine, wa Henry Kendall na Geoffrey Mill wa mwaka 1958, ulikuwa umepitwa na wakati kabla wino wake haujakauka vizuri.

Mapinduzi yaligeuza hesabu yote ya ardhi. Mwezi wa Machi 1964 ardhi ilifanywa mali ya serikali, na kodi ya kiwanja iliyowatesa wazee wa mwaka 1928 ikawa hadithi. Mwezi wa Januari mwaka huo huo Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani ya Mashariki, wakati nchi nyingi duniani zilikataa kufanya hivyo, na shukrani ya Wajerumani ikaja kwa sura ya majumba. Yalianza Kikwajuni na Kilimani, katika miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi. Kisha mwaka 1968 timu ya Wajerumani iliyoongozwa na msanifu Hubert Scholz ilitayarisha mpango wa mji mzima. Katika mpango huo Ng'ambo ya zamani haikuwa kitu cha kutengenezwa bali cha kuondolewa: mahali pake pangesimama majumba ya ghorofa yenye makaazi takriban 7,000, yaliyopangwa kufuata barabara pana.

Kilichojengwa Michenzani ni sehemu tu ya ndoto hiyo. Barabara mbili zinakutana kwenye mzunguko, na pembeni mwao yamenyooka majumba kumi, mengine yakiwa na urefu wa karibu mita 300, yenye makaazi zaidi ya 1,000 kwa jumla. Rais Abeid Amani Karume aliusimamia ujenzi kwa macho yake na kuuingilia mpango mara kwa mara. Hakuishi kuuona mwisho wake, kwani aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na majumba ya mwisho yakakamilika baada yake. Michoro ilikuwa na asili ya Ujerumani, ila mikono iliyochanganya zege ilikuwa ya Waunguja, katika kazi zilizoitwa za kujitolea ingawa si kila mtu aliweza kukataa kujitolea.

Haitakuwa insafu kuyahukumu majumba hayo kwa sura yake peke yake. Kwa mtu aliyezaliwa katika nyumba ya udongo juu ya ardhi ya mwengine, kupewa na serikali makaazi ya saruji, yenye umeme na mfereji, bila ya kodi, lilikuwa jambo ambalo baba yake hakuliota. Karume alitaka ionekane kwa macho kwamba upande uliodharauliwa umepata majumba makubwa kuliko yale ya upande uliodharau. Nia hiyo imeandikwa katika urefu wa majumba yenyewe, na kila mpita njia anaisoma.

Lakini aliyehamia ghorofani aliacha vitu viwili chini, navyo ni baraza na uani. Mpango haukuwa na mahali pa mgeni kuishia kabla ya kuingia ndani, wala pa mama kuanika nazi na kuzungumza na jirani bila ya kutoka nje. Kuku hawapandi ngazi, na maji nayo yalikuwa mazito kupanda ghorofa za juu. Basi watu walifanya walichokifanya siku zote: waliijenga upya nyumba ndani ya nyumba waliyopewa. Ujia wa ngazi ukawa ukumbi wa jirani. Chini ya majumba yakaota mabaraza ya saruji, meza za wauza urojo na mishikaki, na maduka ya kila namna. Kisonge, jirani na mzunguko, pakawa na maskani inayojulikana kisiwa kizima kwa siasa zake na kwa ubao wake wa maandishi. Mchoro haukuwa na baraza hata moja. Leo Michenzani ni miongoni mwa mahali penye mabaraza yenye watu wengi zaidi mjini.

Wakati huo Mji Mkongwe ulikuwa ukiporomoka, kwani nyumba nyingi zilibaki bila ya wenyewe. Ulipata waokozi wake. Mpango wa mwaka 1982, uliotayarishwa na wataalamu wa China, uliuangalia mji wote. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe. Na mwaka 2000 UNESCO ikauandika katika Urithi wa Dunia. Yote hayo yalistahili. Ila mpaka wa urithi ulipochorwa, ulipita karibu na pale pale ulipokuwa ukipita mkono wa bahari. Upande mmoja jiwe likianguka dunia iliuliza, kama ilivyouliza tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka. Upande wa pili, mtaa mzima uliweza kuvunjwa na habari ikaishia barazani.

Ndipo mwaka 2013 ulipoanzishwa mradi wa namna nyengine. Idara ya Mipango Miji na Vijiji ya Zanzibar, ikiongozwa na Muhammad Juma, ilishirikiana na manispaa ya mji wa Amsterdam na African Architecture Matters, taasisi ya wasanifu majengo yenye makao yake Uholanzi. Kazi yao haikuanza na kalamu bali na miguu. Walipita mtaa kwa mtaa pamoja na wakaazi, wakiuliza wapi palikuwa na kisima, ukumbi wa dansi, nyumba ya sinema, mti wa kukutania, msikiti wa zamani, nyumba ya fundi fulani. Waliyoyakusanya yalichapishwa mwaka 2019 kwa jina la Ng'ambo Atlas, na kwa mara ya kwanza mitaa hiyo ikaonekana katika kitabu kuwa ni urithi na si tatizo. Hata majumba ya Michenzani, ambayo yalijengwa ili kuifuta Ng'ambo ya zamani, yalihesabiwa humo kuwa ni sehemu ya kumbukumbu zake.

Mradi uliitwa Ng'ambo Tuitakayo. Wenye kuijua lugha wataona jambo katika jina hilo. Mipango ya kabla yake ilijulikana kwa majina ya waliochora au kwa miaka ya kuchorwa. Huu ulikuwa na kiambishi cha nafsi, "tu". Neno lililozoea kutamkwa kutoka upande wa pili wa maji lilitiwa ndani ya kitenzi ambacho mtendaji wake ni watu wa hapo hapo.

Lakini kiambishi ni kidogo, na hakilindi nyumba. Mpango wa maendeleo ya makaazi wa mwaka 2015 uliitaja Ng'ambo kuwa kitovu kipya cha mji mkuu, na kitovu huvuta mitaji. Michenzani kumesimama mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi na jengo kubwa la biashara. Kwahani nyumba za zamani zimevunjwa kupisha majumba mapya ya ghorofa, na mitaa mingine inangojea zamu. Huenda majumba hayo yakawa bora kuliko yaliyotangulia, yenye maji mpaka juu na umeme usiokatika. Hata hivyo, mwenye kutaka kujua kama "tu" ile ingali na uzito wowote hana haja ya kusoma ripoti. Atazame mchoro wa ghorofa ya chini, aangalie kama msanifu ameacha pahala pa baraza. Pasipokuwepo, wakaazi watapajenga wenyewe, kama walivyofanya Michenzani. Alimradi wawe ni wao watakaorudishwa kukaa hapo.