Kokoto za Makao Makuu na Shimo Linalobaki

Mwaka 1973 Dodoma ilipata maamuzi mawili ambayo hayajawahi kuketi meza moja. Chama tawala cha wakati huo, TANU, kiliamua makao makuu ya nchi yahamie hapa. Mwaka huohuo ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kutibu makorongo yaliyokuwa yakiila ardhi ya Kondoa, mkoani humu. Uamuzi wa kwanza ulidai mawe, wa pili ulidai ardhi ipumzishwe. Ujenzi ulipokuwa ukisuasua, mgongano huo haukuonekana. Tangu 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati, umejitokeza waziwazi. Mji wa Serikali Mtumba, reli ya kisasa, uwanja wa ndege wa Msalato na barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, vyote vimetaka kokoto, kifusi na mchanga. Tena vimevitaka kutoka jirani, maana kokoto ni mzigo mzito wa bei ndogo, na kila kilomita ya tipa inapandisha gharama.

Hoja yangu ni kwamba sheria zetu zinajua vizuri namna ya kufungua shimo, ila hazijabana vya kutosha nani atalipa kulifunga. Kwa Dodoma, ambako mteja mkubwa ni Serikali yenyewe, dawa ya karibu iko mikononi mwa mnunuzi.

Si kwamba sheria hazipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi kuanza, na inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Sheria ya Madini ya 2010 inaitambua kokoto kuwa madini ujenzi, na kanuni zake zinamtaka mwenye leseni ndogo aandae Mpango wa Hifadhi ya Mazingira. Lakini dhamana ya fedha kwa ajili ya kukarabati eneo imeelekezwa kwa wenye leseni kubwa. Mchimbaji mdogo anabaki na ahadi ya karatasi, na siku jiwe likiisha, mfuko wake nao umeisha. Mkaguzi akifika atamkuta nani?

Tuingie shimoni tuone kazi yenyewe. Katika nyanda hizi kavu udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu juu ya kifusi. Mchimbaji makini huukwangua kwanza, akaulundika mbali na mkondo wa maji, lundo likawa fupi ili mbegu na vijidudu vilivyomo visife. Mwenye haraka huupakia pamoja na kifusi, ukaishia chini ya lami. Kosa hilo halirekebishiki kwa faini, kwa sababu hakuna udongo wa kurudisha. Kuna pia kingo: zikiachwa wima, mvua ya kwanza ya Desemba huzimega na shimo likaanza kuzaa korongo. Zikilazwa mteremko, shimo lilelile laweza kuwa lambo ambamo ng'ombe wa Wagogo wanashuka kunywa na kupanda salama. Mbuzi huliona jambo hili kabla ya mhandisi.

Vumbi lina ugumu wake. Mawe ya Dodoma mengi ni itale, na vumbi lake lina silika inayoharibu mapafu. Kanuni husema nyunyiza maji. Lakini maji hayohayo watu wanayapangia foleni ya ndoo. Hapa utii wa sheria una bei halisi, na ni uongo kudhani mchimbaji atailipa huku mteja akichagua tripu ya bei ya chini kuliko zote. Wala tusiwapime kwa kipimo hichohicho akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo chini ya turubai. Ukiwadai mpango wa mtaalamu, umewafukuza tu.

Ndiyo maana ukarabati wa shimo uwe kipengele chenye bei yake katika jedwali la gharama la kila mkataba wa umma, kilipwe kwa hatua, na sehemu ya malipo ya mwisho ishikiliwe hadi udongo urudishwe. Wapo watakaosema barabara zitapanda bei. Zitapanda, na ni haki zipande: bei ya leo ni ndogo kwa sababu kijiji kinamlipia mkandarasi. Kondoa ilishaonyesha deni la ardhi likiachwa linavyodaiwa. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka, na wafugaji ndio waliobeba mzigo.

Kalenda nayo iandikwe mkatabani. Mvua za hapa huanza karibu na Desemba na kwisha Aprili. Kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Mkandarasi anayeondoka Juni na kuahidi miti hajapanda kitu. Udongo uwe umerudi shimoni kabla ya Novemba kwisha, na hundi ya mwisho isubiri hadi majani yaote.